Visu Vinavyorudi Mezani

Nauza visu vya kukunja sokoni Arua,
upande wa wauza kamba, karibu na mashine ya kusaga.
Mwaka wa kumi na moja huu. Simtazami mnunuzi usoni;
namtazama kidole gumba.
Kikisita, pesa nayo imesita.

Mzee Onzima, mkulima wa tumbaku wa Maracha,
hakifungui kwanza. Anakitikisa sikioni
kama anayepima yai viza.
Kikilia kidogo tu ndani ya mpini, anakirudisha:
"Hiki kina maneno. Mimi nataka kisu, sitaki shahidi."

Mwalimu Adriko alitaka cha kuchongea penseli.
Nikampa chenye kila kitu: mkasi, msumeno, kizibuo,
sindano ya kazi nisiyoijua, na kijiko.
Akavunja ukucha akiuchimbua ubapa.
"Umenipa ukoo mzima," akasema,
"nami nilikuja kuposa binti mmoja."
Kile kijiko, mpaka leo, hakuna aliyekiulizia.

Mama Ezaru wa mizinga alichungulia penye bawaba,
akaona upenyo mwembamba kama unywele.
"Asali ikiingia humu haitoki.
Nitakuwa nimewanunulia siafu nyumba."

Marjani mchinjaji aliupenda ubapa, akauchukia mpini:
unang'aa mno, laini kama kambare.
"Ukilowa damu utanitoroka,
na vidole nimebakiwa na tisa."

Wale wa Ariwara, wanaovuka mpaka na vitenge,
husoma maandishi kwa sauti, herufi kwa herufi,
mpaka wafike pale jina la kiwanda lilipokosewa.
Hapo hucheka, nami hucheka nao. Nifanyeje?
Chuma chenyewe hakijawahi kusema kinatoka Ujerumani.

Na kijana wa bodaboda, yule wa miwani,
alikipenda cheusi chenye fuvu ubavuni.
Akabonyeza. TA!
Soko zima likageuka, na askari naye akageuka.
Akakiweka chini polepole, kama kikombe cha chai ya mtu mwingine.

Hao wote nawapenda. Wananitukania mali, tunabishana,
elfu kumi inakuwa elfu saba, au haiwi.
Aliyeniumiza hakunena neno.

Ayikoru, msuka vikapu. Alikuja Alhamisi,
akachukua kisu kwa mkono wa kushoto.
Akakigeuza. Akakigeuza tena.
Kile kijifuo cha kutilia ukucha
kilikuwa kimeangalia kiganja, kimempa mgongo.
Akajaribu cha pili, na cha tatu.
Kisha akakifuta kwa ncha ya lesu yake
na kukirudisha mahali pake pale pale kwenye mstari.

Nikamwita: "Dada, kina makali hicho!"
"Makali yapo," akasema. "Mlango ndio uko upande wa pili."

Jioni, wenzangu wakifunga turubai,
nilikopa kamba kwa jirani,
nikaufunga mkono wangu wa kulia nyuma kwenye mshipi
na kuanza kufungua visu kwa kushoto, kimoja kimoja.
Thelathini na viwili.
Jirani akaniuliza kama ni dawa au ni wazimu.

Miaka kumi na moja nimewaambia watu "kifungue mwenyewe uone",
na sikujua ninawaambia watu gani.

Kimoja kilinikata. Vingi vilikataa tu.
Kilichofunguka bila kuniuliza mkono
kilikuwa kile cha Mzee Onzima, chenye maneno,
skrubu imelegea, kutu kidogo shingoni,
bei nimeishusha mara tatu.
Ulegevu ule ule.

Nimekiweka kando, ndani ya kopo la vifungo.
Alhamisi mbili zimepita, hajaonekana.
Asubuhi nakipaka mafuta, tone moja.
Bisibisi ninayo hapa mfukoni.
Skrubu siigusi.