Nipo Jikoni

Miaka sita nilikuwa mwanamume mwenye ndevu.
Jina langu kule Żubr, nyati wa misitu ya mpakani,
shoka begani, ngao pana kama mlango wa ghala.
Sikuzichagua ndevu kwa kuzipenda.
Siku ya kwanza waliniwekea miili nichague:
wa kike ana chuma mabegani, chuma magotini,
na katikati, penye moyo, penye ini, penye figo,
hewa tupu na kitovu kinachong'aa.
Mimi ni mwoka mikate wa Białystok, baridi naijua.
Januari huku pumzi huganda kwenye skafu.
Nikamtazama binti yule, mbele yake theluji na mikuki,
nikasema, mwanangu, nimonia itakuwahi kabla ya vita.
Nikabonyeza ndevu.

Na kipaza sauti nikakizima.
Niliandika tu. Kushoto. Ngojeni. Sasa.
Wanaume arobaini, wa Radom, wa Szczecin, wa Lublin,
na mmoja aliyehamia Norwei kukata minofu ya samaki,
wakajifunza kunyamaza ninapoandika.
Waliniita Baba.
Walisema Żubr hana maneno, ndiyo maana ana akili.
Ksawery alinifuata faraghani saa nane za usiku,
wiki aliyomzika babake. Aliandika bila nukta.
Nilimjibu mpaka saa ya kuwasha tanuri,
nikakanda unga na usingizi pamoja.

Niliwasikia, maana sikio halina kifuniko.
Nilisikia walivyompokea Ligia, miaka kumi na saba,
aliposema neno moja tu, "Salamu":
huyu akaomba picha, yule akapiga mluzi,
wa tatu akauliza ameletwa na mpenzi wa nani.
Alidumu dakika kumi na moja.
Nilikuwa na shoka. Nilikuwa na ngao.
Nilikuwa na uwezo wa kuwafukuza kwa kidole kimoja.
Nikaandika: Tuendelee.
Doa hilo halitoki, hata nifue vipi.

Kisha Jumanne ile, joka limebakiza punje ya uhai,
birika likapiga mluzi, nikainuka kwa pupa,
kiwiko kikagusa kitufe kisichoguswa.
"Ngoja, mshenzi wewe, nakuja!" nikaliambia birika,
na watu arobaini wakasikia kwamba Baba ni mama.

Kimya. Joka lilikula saba ndani ya kimya kile.
Halafu mtu akacheka, halafu mtu akasema
neno nililolingoja miaka sita kama ankara ya gesi:
"Rudi jikoni."

Nikatazama huku na huku.
Kompyuta iko juu ya meza ya jikoni,
kwa kuwa waya haufiki kwingine.
Kando yake kabichi chachu inatokota,
ukutani kalenda ya kiwanda cha hamira.
Ngome kumi na tatu zilitekwa kutoka kwenye kigoda hiki.

"Nipo jikoni," nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe,
yenye mikwaruzo ya sigara nilizoziacha.
"Mmeuota moto wa hapa miaka sita,
hakuna aliyeuliza nani anachochea kuni.
Watu sita, lango la kaskazini. Sasa."

Kumi na tisa waliondoka, wengine na matusi,
wengine kama watu waliokumbuka wameacha bomba wazi.
Ksawery hakusema kitu.
Taa yake ya kijani iliwaka, ikawaka, ikazima.
Hiyo iliniuma kuliko matusi.
Waliobaki walikwenda kaskazini wakigongana.
Joka halikufa usiku ule.

Saa tisa nikamwandikia Ligia. Nilifuta mara nne.
Nilikuwepo, niliandika. Siku ile. Nilikuwepo.
Bado hajajibu.
Kabichi imeshika chini ya sufuria.
Ninakwangua, na kipaza sauti ki wazi.