Mpira wa Dripu

Pikipiki yangu ina kabureta mbili
na kila moja yavuta kivyake,
kama wake wenza waliopewa chungu kimoja:
huyu akoleza moto, yule aongeza maji,
na wali hauivi.
Kwenye taa za Makupa hutetema
hadi kioo cha pembeni kinionyeshe malori mawili
palipo na moja.

Fundi Kenga akaniambia, "Niachie siku mbili."
Siku mbili za Kenga nazijua, zina wiki ndani yake.
Nikasema nitaifanya mwenyewe,
Kibokoni, uani, baina ya tangi la maji na kamba ya nguo.
Kilichobaki ni chombo.

Jivanji wa Mwembe Tayari akanitolea sanduku:
vioo vinne vyembamba, zebaki ndani.
Nzuri, wallahi. Ukiitazama wajiona.
Lakini nyumbani nina Mwinyi, miaka mitatu,
na kila king'aacho sharti kipitie kinywani mwake.
Nikalifunga sanduku mimi, si Jivanji.

Akaleta geji mbili za mshale, mzigo wa Dubai,
elfu sita, "na kwa kuwa ni wewe, tano na nusu."
Nikamwomba azipime kwa pampu moja, pumzi moja.
Ya kwanza ikasema ishirini.
Ya pili, ishirini na tatu.
Jivanji akaigonga kwa ukucha: ishirini na nne.
Nimekuja kutafuta kadhi,
nauziwa wadai wengine wawili.

Usiku, feni ikizunguka, nikawaza:
namba ni ya nini?
Mzani wa sokoni haujui kilo,
wajua upande upi umeelemewa.
Mpira mmoja basi, uonekanao ndani,
uning'inie kama nuni
iliyoimeza nukta yake, na nukta yenyewe mafuta ya gia.
Ncha moja huku, ncha moja kule.
Avutaye zaidi atajitaja.

Na mpira nilijua uliko.
Juu ya kabati, ndani ya mfuko wa hospitali
ambao hakuna aliyeutupa tangu arubaini ya baba.
Tulinunua miwili.
Wa pili haukuhitajika.
Mwanajabu aliniona nikiushusha.
Hakusema neno. Akaleta mkasi.

Jaribio la kwanza, injini ikafyonza mafuta yote
kama mtoto na soda.
Moshi mweupe ukajaa ua mzima,
ukaingia kwenye kanga za Bi Mwanatumu, zimekauka, zimefukizwa udi,
na jina langu likatajwa dirishani pamoja na la ukoo.

Ndipo nikakikumbuka kile kigurudumu.
Cheupe, kidogo kama jino,
nesi alikuwa akikisukuma kwa dole gumba,
macho kwenye saa, akihesabu matone,
polepole, mzee asishtuke.
Nilikuwa nimekikata, nimekitupa kando ya tangi.
Nikakitafuta kwa magoti.
Nikakirudisha kwenye mpira, nikakisukuma
mpaka mafuta yakaacha kuruka,
yakawa yapumua tu.

Robo ya skrubu, kulia.
Nimezidisha. Nyuma kidogo.
Huyu akashuka, yule akapanda,
wakasogeleana hadi upana wa ukucha,
na hapo nikaweka bisibisi chini.
Wake wenza hawapatani zaidi ya hapo.

Mwanajabu akauliza kutoka jikoni, "Imezima?"
"Yawaka."
Akaja kuthibitisha, na kikombe cha kahawa mkononi,
akakiweka juu ya kiti cha pikipiki, akasubiri.
Kahawa ikatetema ukingoni, haikumwagika.

Mpira nimeukosha, nimeurudisha mfukoni mle mle.
Kigurudumu nimekiacha wazi.
Bi Mwanatumu bado adai sabuni.
Nilimpelekea mche mmoja;
asema kanga zilikuwa mbili.