Kasha la Lenzi ya Tatu

Nimezipanga mezani, tatu,
juu ya kitambaa cha plastiki chenye makomamanga
ambacho Darejani hataki nikitupe.
Ya kwanza milimita tisini, kioo chake cha nyuma
kimetokeza kama jicho la chura.
Ya pili mia mbili na kumi, mtumishi wangu wa kila siku.
Ya tatu mia tatu, nzito kuliko mkate wa juzi;
aliniachia Mamuka alipoacha kupiga picha
akaanza kufuga nyuki.

Nje, mvua ya Mestia inanyesha kwa ubahili.
Kesho farasi. Kesho mto wa Adishi.

Sasa niambie, nibebe na nini?

Kuna kasha la alumini, kona zake zimepigwa chuma.
Dirishani kwa muuza vikuukuu wa Kutaisi
lilisimama kama bwana harusi.
Sponji yake niliichonga kwa kisu cha mkate,
kila shimo kwa kipimo cha kidole gumba,
na mwaka wa sita ile sponji ikaanza kulia:
unga mweusi, wa kunata, ndani ya shata.
Mlinzi akawa mwizi.

Kuna mkoba wa ngozi, ndani mahameli nyekundu.
Harufu yake tu ingemshawishi askofu.
Lakini ngozi hunywa unyevu, unyevu huzaa kuvu,
na kuvu huota juu ya kioo polepole,
uzi kwa uzi, kama mtu anayeandika barua
asiyotaka isomwe.
La kuvunda halina ubani, ndiyo,
ila ile haikuwa ya kuvunda. Niliivundisha mimi
kwa kupenda mahameli.

Kuna makasha mapya, meusi, ya plastiki ngumu,
yenye valvu, na utepe wa mpira mdomoni.
Muuzaji anasema ukilitupa toka juu ya mnara
litadunda. Naamini.
Anasema bei. Naacha kuamini.

Darejani anapita na sufuria.
"Mayai ya mama nimeyabeba miaka kumi na mmoja,
kwenye ndoo, juu ya trekta la Gocha."
"Mayai si lenzi."
"Kweli," anasema. "Yai likivunjika, tunakula."

Ilikuwepo ya nne.
Haikuvunjwa na farasi, wala mto, wala jiwe.
Niliikalia.
Kitandani, usiku wa mazishi ya baba,
ilikuwa ndani ya soksi, maana nilisema
nitaiweka vizuri kesho.
Sauti yake ilikuwa ndogo sana,
kama mtu anayetafuna sukari gizani.

Tangu hapo nanunua makasha.

Basi. Tisini imeingia kwenye kibweta cha chakula
cha binti yetu, kile chenye vibanio vinne.
Mia mbili na kumi inabaki kwenye kamera, liwalo na liwe.
Na ya Mamuka nimeivika kofia yangu ya sufu,
ile nzito ya kijivu, nikaizamisha
kwenye kopo la jibini la lita tano,
mfuniko nikauzungusha hadi kiganja kikauma.

Mtoni, Lurja aliteleza, akapiga goti.
Maji ya barafu yalinipanda hadi kiunoni,
na lile kopo likaelea ubavuni mwa farasi,
likigongagonga kwa kamba yake,
jeupe, halina habari.

Ng'ambo nikalifungua kwa meno na vidole visivyohisi.
Kavu. Kavu kabisa.
Inanuka jibini mpaka leo.

Mamuka alipopiga simu, nilimwambia iko salama.
"Na picha?"
"Mawingu. Siku tatu, mawingu matupu."
Alinyamaza, au alicheka bila sauti.
Nyuma yake niliwasikia nyuki.