Saa Arobaini

Fomu ina safu tano: tarehe, kazi, saa,
sahihi ya msimamizi, muhuri.
Chini, kwa herufi za kukodolea macho:
kumfulia shangazi si huduma kwa jamii,
kwaya si huduma,
kazi yenye malipo, hata soda, si huduma.

Tulipanda miti Ng'hong'onha mwezi wa Septemba,
miezi mitatu kabla ya mvua,
kwa kuwa mgeni rasmi alipatikana Septemba.
Fulana za kijani. Mpiga picha akatuomba
tuiname tena, majembe yaonekane.
Mijohoro mia mbili, saa sita,
na wino wa muhuri ukakauka kabla ya udongo.

Sikurudi kwa wema. Nilisahau chaja.
Nikakuta mbuzi wamekwisha kupitisha bajeti yao
na mama mmoja, Mwaja Lechipya,
anaigawia miche iliyobaki maji yake ya kunawa,
kikombe, kikombe.
"Mbukwenyi," akanisalimu. Sikujua kuitikia.
"Hii ni yenu," akasema. "Nawatunzia tu."

Nikashika dumu.
Upepo wa huku unakusukuma ukienda mtupu,
unakupinga ukirudi umejaa.
Madumu mawili alfajiri, kabla ya kipindi cha takwimu,
wiki saba.
Siku moja nilimsomea barua ya hospitali, ya mjukuu wake,
polepole, nikiruka neno moja.
Siku nyingine bumu lilichelewa,
akanipakulia ugali wa uwele na mlenda
bila kuniuliza.
Hapo jamii ilikuwa nani? Fomu haina safu.

Mratibu, Bwana Chidosa, si mtu mbaya.
"Nani alikusimamia?"
"Mama Mwaja."
"Ana cheo gani?"
Nikafikiri. "Ana dumu."
Hakucheka. "Lete muhuri wa mtendaji."
Mtendaji yuko semina.
Muhuri uko kwenye droo.
Ufunguo uko semina.

Basi Mama Mwaja akakandamiza kidole gumba,
mlenda haujakauka,
kuanzia safu ya nne hadi ya tano.
Fomu ikarudi: *imechafuka, jaza nyingine.*

Nimejaza nyingine. Kupanda miti, saa sita.
Nadaiwa thelathini na nne.

Jana tulihesabu: iliyo hai ni kumi na mmoja.
Ule wa karibu na zizi
umenifika gotini.