Usinikobolee

Alhamisi, kabla umeme haujakatika,
Hansaben alifika Kiusa na debe lake la ngano,
ngano ya Siha, ameichambua punje kwa punje,
ameiosha, ameianika juu ya paa kwenye shuka la zamani.
Hakunisalimia mimi kwanza. Alisalimia mashine:
alitia kidole mdomoni mwa mashine, akakitoa, akakitazama.
"Kuna mahindi ya watu humu, Anaeli."

Basi kibaba cha kwanza kilikuwa cha kusafisha mawe,
changu, cha kuku wangu.
Kilichofuata kilikuwa chake, na hapo alisimama,
kiganja chini ya mfuko wa kitambaa,
unga ukimwagika wa moto vidoleni.
"Usinikobolee. Pumba zangu usiziguse."

Miaka kumi na mmoja.
Wateja wengine walitaka sembe nyeupe kama mashuka ya hospitali;
dona waliikumbuka tarehe za ishirini na, mfuko ukiwa umetoboka.
Yeye, mwenye duka, mwenye gari,
alilipia dona ya ngano, rangi ya vumbi la Njoro,
nami nikasema moyoni: ubahili huo.

Kisha akaanguka bafuni, mkono wa kulia ukavunjika.
Mwanawe akanunua unga mweupe wa pakiti.
Alhamisi ikapita.
Ya pili akamtuma mtoto:
"Mwambie alete unga, na alete na mikono."

Jikoni kwake niliona aibu ya kucha zangu.
Alikaa kwenye kigoda, mkono wa plasta
umening'inia kifuani kama mtoto kwenye mbeleko,
akaamuru: maji kidogo. Kidogo.
Nimesema kidogo, huu si mto Karanga!
Kanda. Sasa uache unywe.
Unga wenye maganda una kiu ya polepole.
Akanishika sikio, mimi, baba wa watoto wanne,
akaiminya ndewe: "Ukifika ulaini huu, umefika."

Rotli ya kwanza ilitoka kama ramani ya Rombo.
Ya pili ikaungua.
Ya tatu, juu ya moto mtupu, bila tone la mafuta,
ikavuta pumzi,
ikatuna,
ikakaa imetuna.

Hakunipa hiyo. Ya kwanza kuiva ni ya ng'ombe, alisema,
na kwa kuwa mtaani ng'ombe hakuna,
akawekewa kunguru, dirishani.
Ya nne akaipaka samli, akaniwekea na kipande cha sukari guru.
Nikatafuna taratibu.
Zile pumba, zile zile nilizowamwagia kuku miaka yote,
zilinukia shamba lililovunwa jana.
Nikaomba nyingine. Akacheka hadi plasta ikamuuma.

Usiku mke wangu hakushangaa weupe wa nguo zangu;
Ndeshiwia amezoea kuolewa na unga.
Alininusa shingoni, akarudi nyuma hatua moja:
"Samli ya nani hii?"