Insha ya Ishirini na Tisa

Usiku wa manane, Magongo. Stima imerudi, feni inakohoa.
Mezani insha arubaini na moja za Kidato cha Nne,
swali la pili:
*Mgagaa na upwa hali wali mkavu. Thibitisha.*

Ya kwanza, jua lilichomoza mashariki.
Ya pili, jua lilichomoza mashariki, na ndege wakaimba.
Ya tatu, jua lilo hilo.
Kufikia ya tisa nimeshababuka.

Wanangu, nani aliyewaambia
mtahini hajui jua linakotokea?
Mtahini ni mtu. Ana miguu iliyofura,
ana kahawa iliyopoa, ana rundo lisilopungua.
Mpe sentensi itakayomfanya aiweke kalamu chini.

Rukia amenitilia methali kumi na nne ukurasa mmoja.
Methali ni pilipili, Rukia.
Umenijazia bakuli la pilipili
nami bado nauliza wali uko wapi.

Chengo, kurasa tatu, aya moja.
Hata nyumba ya chumba kimoja hapa Magongo
ina pazia, Chengo:
huku watu wamelala, huku sufuria.
Nipe pazia nijue nimeingia upande gani.

Na Abubakari, ulianza vyema, wallahi ulianza vyema,
ukamweka Bi Mwanasha shimoni kwa madaha,
ukamweleza shimo, kina chake, unyevu wake,
kisha kengele ikakukuta:
*kwa ufupi, aliokolewa.*
Dakika tano za mwanzo ni za kupanga.
Huzitaki, basi muache Bi Mwanasha nyumbani kwake.

Kisha ya ishirini na tisa. Mbeyu,
wa dirishani, asiyeinua mkono:

*Baba huhesabu makontena usingizini.*

Kalamu nikaiweka chini.
Hakuna jua. Hakuna ndege.
Baba ambaye hajaitwa kazini tangu Machi
na bado huamka saa kumi, huvaa buti,
huenda kwa miguu mpaka lango la Kipevu, arudi,
aende Shimanzi, arudi,
na kila arudipo ana ubao mmoja begani,
wa kreti iliyovunjika, iliyotupwa.
Misumari huinyoosha kwa jiwe.
Mwezi wa sita akauza kabati.
Wa saba, vitanda viwili.
*Jumapili tulikula wali kwa samaki wa kupaka
juu ya meza yenye alama ya gilasi ubavuni,
ile ya kuonya kwamba ndani mna kitu cha kuvunjika.*

Nikameza mate. Kisha nikaokota kalamu, mimi mwalimu,
nikaandika kwa wekundu: *Upwa uko wapi?
Hujajibu swali. Tisa kwa ishirini.*

Nikaenda kwenye ya thelathini. Jua likachomoza.

Sikuweza. Nikairudia ya Mbeyu,
na katika aya ya tatu, mstari mmoja,
ule niliouruka kwa haraka ya kufika mwisho:
*Kazi ilipokupwa kama maji, baba alitembea
pale palipobaki pakavu, akiinama.*

Muhula mzima nimepiga kelele darasani,
somani swali mara tatu, kila neno lina mzigo wake,
upwa si ufuo, upwa ni pale maji yalipoondoka.
Binti alinisikia.
Mimi ndiye niliyesoma mara moja.

Nimeifuta tisa mpaka karatasi ikataka kutoboka.
Kumi na saba, Mbeyu.
Ingekuwa kumi na nane,
lakini kichwa cha insha umesahau kukiandika,
na huko kwenye mtihani wenyewe
hutamkuta mtu wa kukurudia saa kumi alfajiri.

Zimebaki kumi na mbili.
Nje kunguru wameanza ugomvi kwenye waya.
Na jua, sina budi kukiri,
linachomoza.
Mashariki.