Kielelezo Namba Tano

Fomu ina kurasa kumi na tisa.
Nimeifungua mezani jikoni, hapa Dundee,
Jumamosi, mvua ikipiga dirisha kwa ubavu.
Wanataka kujua kama mimi ni mwalimu mbobezi.
Ndivyo ninavyolitafsiri; neno lao lenyewe
linanukia suti iliyotoka kwa dobi.

Miaka ya kufundisha: andika kwa tarakimu.
Nikaandika ishirini na mbili,
nikasoma maelezo ya chini, herufi ndogo kama chawa,
nikafuta, nikaandika kumi na tatu.
Miaka tisa ya Tukuyu haimo.
Watoto tisini darasa moja,
ukungu ukiingia madirishani bila kubisha hodi,
ubao tuliousiliba weusi kwa unga wa betri kuukuu,
haimo.

Bi Geddes, aliyekaa nyuma ya darasa langu mwezi Machi
akiandika, akiandika,
amenishauri: Punguza "tulifanya", Bi Mwakalukwa.
Sema "nilifanya". Wanakupima wewe.
Ni silabi moja tu, *tu* impishe *ni*,
lakini kila nikiibadilisha
naona mtu anatoka chumbani.
Kwanza Agnieszka, msaidizi wangu,
aliyegundua kabla yangu kwamba Rory haoni ubao.
Kisha Sandy mtunza majengo
aliyenikatia pembetatu arobaini za mbao, bure.
Kisha wanafunzi wenyewe, mabegi mgongoni,
hawaagi.
Nabaki mimi na vitenzi vyangu.

Kwetu nililelewa kwa *kizuri chajiuza*.
Mama angesomewa ukurasa wa saba
angenishika paji la uso: homa imeanza lini?

Vielelezo viwe vitano. Vinne ninavyo:
matokeo ya mitihani, mpango wa somo la milinganyo,
barua ya mzazi, na video ya dakika ishirini
ambamo nasema "vizuri" mara thelathini na nane.
Nimehesabu.
Cha tano sina.

Jumanne boila ilikufa. Akaja fundi,
kijana mpana, akavua buti mlangoni,
akaniita "Miss" kabla sijamtambua.
Greig Lawrie. Safu ya mwisho, dirishani.
Kwenye ripoti yake niliwahi kuandika:
Hajitumi. Hesabu si njia yake.
Kwa wino wa kijani, chai haijapoa.
Sijui kama aliisoma. Hakusema.
Alilala chali chini ya sinki, akapima bomba,
akanung'unika: nyuzi mia na thelathini na tano,
toa kwenye mia na themanini,
akakata mara moja. Likaingia.

Kisha akaandika risiti, akiiegemeza kwenye friji:
vali, kazi, kodi asilimia ishirini,
na chini kabisa, bila kuombwa, punguzo la kumi.
Yote kwa kichwa, penseli ikirudi nyuma ya sikio.
Alipoondoka nilirudia hesabu. Mara mbili.
Amekosea peni nne, kajipunja mwenyewe,
nami nusura nichukue kalamu nyekundu.

Swali la kumi na moja: Athari ya kazi yako umeijuaje?
Sijui. Ningeliandika hilo,
ila wanataka maneno mia tano.
Nilimfundisha mimi,
au alijifunza ili siku moja anikute jikoni
nikitetemeka, ndani ya koti?

Saa tano na dakika hamsini na mbili usiku.
Mlango wao unafungwa saa sita.
Nalaza risiti kwenye kioo cha skana,
ina alama ya kidole, ya grisi, juu ya jumla.
Kwenye nafasi ya maelezo naandika:
*Nilikosea kuhusu mwanafunzi huyu.*
Hapo ndipo *ni* ilipokaa
bila kusukumwa.

Ukutani boila inanguruma, inatulia.
Nabonyeza. Kiduara kinazunguka,
kinazunguka.
Navuta daftari la kwanza kati ya thelathini na moja.